Mama mkwe hamezi dawa ya presha, na pesa ni za zamu moja tu ya chama

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu na ninaishi na mume wangu Nyalenda B hapa Kisumu, upande wa chini wa Ring Road, mahali ambapo mvua ikinyesha siku mbili mfululizo tuktuk haziingii tena na kila mtu hutembea ameshika viatu mkononi kwa sababu ya ule udongo mweusi. Mume wangu ni fundi wa mabomba na kazi zake nyingi huja kwa simu. Mimi hukaanga mandazi na kupika chai ya asubuhi kando ya njia. Baba mkwe alipofariki, mume wangu, ambaye ndiye mzaliwa wa kwanza, alimleta mama yake kutoka Alego ili awe karibu nasi. Kwa mila zetu mama hawezi kulala chini ya paa la mwanawe, kwa hiyo tulimpangia chumba chake katika ploti hiyohiyo, milango minne kutoka kwetu, na binti yetu wa miaka 11 hulala kwake. Kwa hiyo tunalipa kodi mbili kila mwezi.

Mama ana umri wa miaka 63, na presha yake iligunduliwa miaka minne iliyopita akiwa bado nyumbani. Karatasi za wakati huo zilibaki sandukuni huko Alego. Hapa mjini tumekuwa tukimnunulia vidonge katika duka la dawa lililo karibu na ploti, vya siku tatu au nne kwa mara moja kulingana na mauzo ya mandazi, aina mbili, kila kidonge shilingi 10. Mara nyingine tunapewa kidonge cheupe, mara nyingine cha manjano, na kijana anayeuza husema ni kitu kimoja. Humeza usiku kabla ya kulala, lakini siku anazohisi kichwa kizito tu. Kichwa kikipoa, huvifunga vilivyobaki katika ncha ya leso na kuviweka chini ya mto. Nikimuuliza, husema kwamba vidonge humwamsha usiku na choo cha ploti hufungwa kwa kufuli saa tatu, tena miguu yake ilivimba ile wiki moja alipovimeza bila kuruka siku. Mimi naona ni visingizio vya mtu asiyependa dawa, lakini ni mama mkwe wangu na siwezi kumkemea.

Jumapili moja mwezi uliopita alianguka akirudi kuteka maji. Macho yalikuwa wazi lakini kwa muda hakujibu tulipomwita. Tulimpakia kwenye bodaboda, mume wangu akiwa nyuma amemkumbatia asidondoke, hadi kliniki ya kibinafsi iliyokuwa karibu zaidi, na tukaambiwa presha ni 198 kwa 112. Walimchoma sindano, wakamlaza hadi jioni, na bili ikafika shilingi 3,800. Tulikuwa na 1,500. Waliuliza kama ana SHA, ile bima ya afya ya serikali. Nikasema mimi nimejiandikisha ingawa sijawahi kulipa. Wakajibu kwamba hiyo haisaidii. Tuliacha simu ya mume wangu iwe rehani ya shilingi 2,300 zilizosalia, na mpaka leo iko kwao. Laini yake ameiweka katika simu yangu, lakini mimi nikiwa kwenye mandazi na simu, yeye hapatikani, na amekwisha kupoteza kazi mbili kwa namna hiyo.

Wiki ijayo ni zamu yangu ya chama na nitapokea shilingi 7,000. Mume wangu anataka tukomboe simu. Shemeji yangu aliye Nairobi anasisitiza tununue mashine ya kupimia presha, na ameahidi kuongeza kitu. Mimi nilifikiri nilipe SHA ya mwaka mzima ili mama naye aingie katika ile yangu. Jirani naye ananiambia nisijisumbue na zahanati, kwa kuwa asiyelipa SHA hahudumiwi, na hata akihudumiwa hupewa karatasi akanunue dawa nje. Nianze na lipi, na nitazungumzaje na mama bila kuonekana kwamba ninamfundisha?

Mkaza mwana, Nyalenda

*

Mkaza mwana mpendwa,

Umeniuliza kuhusu pesa, nami nitafika huko, lakini kilichonishika katika barua yako ni kufuli. Umelitaja katikati ya sentensi, kama kisingizio kimojawapo cha mtu asiyependa dawa, na mimi niliposoma nilirudi nyuma nikasoma tena, kwa sababu nimekaa miaka mingi upande wa ndani wa dirisha la dawa na ninajua ni wagonjwa wangapi tuliowaandika kuwa wakaidi bila kuwauliza choo kiko wapi.

Miongoni mwa dawa za presha zinazotolewa sana nchini Kenya imo ile inayoandikwa HCTZ kwenye pakiti, ambayo kazi yake ni kuzifanya figo zitoe chumvi na maji zaidi. Muda wa kama saa mbili baada ya kumezwa huanza kumpeleka mtu msalani, na hali hiyo huweza kuendelea kwa saa 6 hadi 12. Ikiwa mojawapo ya zile aina mbili ni hiyo, basi mama akiimeza akienda kulala, usingizi wake hukatwa wakati ambao mlango wa choo umefungwa, ufunguo uko kwa mtu aliyelala, ua umejaa matope, na chumbani mna mjukuu wa miaka 11 anayesikia kila kitu. Mwanamke mwenye heshima zake atafanya nini hapo? Atakiacha kidonge, kama alivyokiacha mama yako, na akiulizwa atasema kinamwamsha usiku, jambo ambalo ni kweli tupu.

Dawa ya aina hiyo kwa kawaida humezwa asubuhi. Huenda alipoandikiwa mara ya kwanza aliambiwa hivyo, kisha neno hilo likapotea njiani pamoja na zile karatasi za Alego. Msimbadilishie ratiba kwa kubahatisha, bali mwendeni kwa tabibu na vidonge vyenyewe mkononi, pamoja na vile vilivyo ndani ya leso, mumwombe aseme kipi ni kipi na kila kimoja kimezwe saa ngapi. Mwambieni pia kuhusu miguu. Dawa nyingine inayotolewa mno, amlodipini, inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu ya baadhi ya watu, na tabibu anaweza kupunguza kipimo au kumpa dawa nyingine. Miguu kuvimba kunaweza pia kutoka kwa moyo au figo, ndiyo maana lazima iangaliwe na mtu aliyesomea, na si kijana wa dukani. Na kwa kuwa kuamka usiku kwenda haja ndogo ni mojawapo ya dalili za kisukari, apimwe sukari siku hiyohiyo.

Kuhusu kufuli lenyewe, wenye ploti wengi hufunga choo kwa sababu wapita njia hukitumia na wapangaji ndio wanaobaki na kazi ya kuosha, kwa hiyo simlaumu sana mwenye ploti yenu. Mume wako amwombe nakala ya ufunguo kwa ajili ya mama, kwa gharama yenu. Akikataa, afisa wa afya ya umma wa wadi anaweza kuzungumza naye, maana mpangaji anayelipa kodi hastahili kukosa choo kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri. Kwa sasa nunueni ndoo yenye kifuniko na pazia la kugawa chumba. Najua si jambo la kujivunia, lakini ni bora kuliko bibi anayeacha kunywa maji tangu alasiri katika joto la Kisumu ili asiamke usiku, na hilo nalo ningemuuliza kama analifanya.

Sasa kichwa. Mama anasubiri kichwa kiume ndipo ameze, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote katika barua yako. Presha kwa kawaida haipigi hodi. Mtu anaweza kuwa na 180 kwa 110, akafua nguo, akacheka na majirani, akaenda kanisani, huku mishipa ya ubongo, moyo, macho na figo ikiendelea kuumia. Kiwango kinachohesabiwa kuwa presha ya juu ni kuanzia 140 kwa 90 kinaporudiwa katika vipimo vya siku tofauti, na hakuna kichwa kinachoweza kukuambia kama umevuka hapo. Dawa inayomezwa siku mbili na kuachwa tano huishusha presha na kuiachilia ipande tena, na ile 198 mliyoikuta Jumapili ile sioni kama ilikuwa ajali.

Hapo pana lawama kidogo inayowafaa nyinyi pia, ingawa najua chanzo chake ni mfuko. Unaponunua vidonge vya siku tatu, unamfundisha mgonjwa kwamba dawa ni kitu cha kuisha. Na hiyo rangi inayobadilika nisingeipuuza. Inawezekana kweli kwamba ni dawa moja kutoka viwanda viwili. Inawezekana vilevile kwamba kilichouzwa ni dawa tofauti au kipimo tofauti, kwa sababu ile ya kawaida iliisha rafuni. Kuanzia leo, msipokee kidonge kilichokatwa kwenye ukanda bila kuonyeshwa jina na namba ya miligramu, na mfunge ukanda mmoja mtupu ndani ya daftari ili uwe kielelezo cha kununulia. Duka la dawa halali huwa na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyobandikwa mahali pa wazi, na mteja ana haki ya kuitazama kabla ya kutoa pesa.

Nije kwa jirani yako, ambaye amesema jambo moja lisilo kweli na jingine lililo kweli kiasi. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, ilikuja na mifuko mitatu iliyowekwa na sheria ya mwaka 2023, na watu wengi huichanganya. Mfuko wa Huduma ya Afya ya Msingi hulipia matibabu ya ngazi ya pili na ya tatu, yaani zahanati na vituo vya afya, na fedha zake hutoka serikalini. Ili kuhudumiwa huko, mtu anatakiwa awe amesajiliwa tu; haulizwi kama amelipa mchango. Mchango, yaani ule unaolipwa kwa mwaka na wasio na mshahara, huingia katika Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, unaohusu hasa kulazwa na matibabu ya hospitali za ngazi ya nne hadi ya sita. Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu na mahututi, nao kwa magonjwa hayo hushika pale ambapo bima imefikia kikomo. Kwa hiyo kupimwa presha, kuonwa na tabibu na kupewa dawa zilizopo zahanati, mama anaweza kuvipata wiki hii kabla chama hakijatoa hata shilingi, mradi awe amesajiliwa.

Lakini je, amesajiliwa? Unasema wewe umejiandikisha, na ulifikiri ukilipa, mama ataingia katika yako. Hataingia. Kwa SHA, kaya yako ni wewe, mume wako na watoto wenu. Mzazi, awe wako au wa mume wako, huhesabiwa kuwa kaya yake mwenyewe, husajiliwa kwa kitambulisho chake, na mchango wake hupangwa kando. Nimewaona watu waliolipa mwaka mzima wakifika hospitali na mama kwenye kiti cha magurudumu ndipo wanapoambiwa hivyo, na siwezi kuusahau uso wa mtu wa namna hiyo. Basi msajilini. Hufanywa kwa simu kupitia *147#, bila malipo, na kama namba zinawachanganya, mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wenu anaweza kuwasaidia. Kitambulisho kisije kikawa nacho kimebaki Alego, ulizeni leo.

La pili alilosema jirani, kwamba utapewa karatasi ukanunue dawa nje, hutokea. Siwezi kukudanganya kwamba rafu za zahanati zimejaa kila siku. Hata hivyo, karatasi hiyo si kazi bure, kwa maana itakuwa na jina sahihi la dawa, kipimo sahihi na saa za kumeza, vitu vitatu ambavyo kwa sasa hamna. Ulizeni shehena inayofuata inatarajiwa lini, ulizeni kama kituo cha afya cha jirani kinayo, na mkilazimika kununua, nunueni ya mwezi mzima kwa mkupuo mmoja. Kwa bei yako ya shilingi 10, vidonge viwili kwa siku ni shilingi 600 kwa mwezi, ambazo mlikuwa mnazitumia kwa vipandevipande huku mgonjwa akimeza nusu yake.

Tuhesabu sasa zile 7,000. Mume wako ana haki kuhusu simu, na ningeanza nayo, kwa sababu simu ya fundi ni mtaji kama lilivyo karai lako la mandazi, na kazi mbili zilizopotea huenda zimezidi deni lenyewe. Toa 2,300 na usitoke bila risiti inayoonyesha kila kilicholipiwa, pamoja na karatasi ya matibabu inayotaja ile 198 kwa 112 na sindano aliyochomwa, maana tabibu wa zahanati ataihitaji. Zinabaki 4,700. Kiwango cha chini kabisa cha mchango wa SHA ni shilingi 300 kwa mwezi kwa kaya, yaani 3,600 kwa mwaka, na mjane asiye na kipato anatarajiwa kuwa karibu na kiwango hicho baada ya kujibu maswali ya tathmini ya uwezo. Ningelipa wa mama kabla ya wenu. Katika ploti yenu, yeye ndiye aliye karibu zaidi na kitanda cha hospitali, na kulazwa siku chache kwa kiharusi kutakomba chama chote na wanachama wake. Zitakuwa zimebaki 1,100: mia sita za dawa ya mwezi wa kwanza ikiwa zahanati haina, na mia tano za ufunguo, ndoo na pazia. Pesa za unga wa mandazi zisiguswe kabisa katika haya yote.

Mchango wenu wa nyumba yenye watoto watatu nao una zamu yake. Kuna utaratibu wa kulipa kwa awamu unaoitwa Lipa SHA Pole Pole, uliowekwa kwa ajili ya watu wanaopata pesa kila siku kidogo, na nadhani unamfaa muuza mandazi kuliko kusubiri mzunguko mwingine wa chama. Mume wako aulizie pia kwa chifu kuhusu orodha ya wasiojiweza wanaolipiwa na serikali. Ule mpango mwingine wa Inua Jamii, wa pesa za serikali kwa wazee, huanzia miaka 70, kwa hiyo mama bado.

Na shemeji wa Nairobi? Mshukuru, kisha umwambie kwamba mashine haihitajiki kwa sasa. Tangu mwaka 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari, na kila mmoja amegawiwa takriban nyumba 100 za kuzitembelea. Wa kwenu yupo, na pengine umempita njiani mara nyingi bila kujua ndiye. Mwombe ampime mama kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Kisha mtajie shemeji kiasi kamili. Watoto wa mama walio mbali wakiambiwa "tuma chochote" hutuma chochote kweli. Wakiambiwa kwamba dawa ya mama ni 600 kila mwezi na wewe umepangiwa 300, hujua wanachodaiwa. Pesa ya mashine aigeuze kuwa hiyo.

Kuhusu kliniki iliyoshika simu, nitasema machache. Walimhudumia mgonjwa kwanza, na hilo walitakiwa kulifanya: Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaihesabu hatia kituo kumkataa mgonjwa wa dharura, kiwe cha umma au cha kibinafsi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia wanawake katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa bili kulikiuka haki zao. Si ajabu basi kwamba siku hizi simu ndiyo inayozuiliwa badala ya mwenye nayo. Wakati mwingine ombeni kuandikiana makubaliano ya kulipa polepole, yenye tarehe na sahihi, kabla hamjatoa kitu cha kazi mfukoni.

Lakini wakati mwingine huo ukija, msianzie hapo. Mkimwona mama mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hauna nguvu, maneno yanamtoka yamevurugika, au amepata maumivu makali ya kifua, hiyo si ya zahanati wala ya kliniki ya kona. Mpelekeni moja kwa moja hospitali ya kaunti iliyo mjini, au Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo watu wa Kisumu wangali wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Tena atangulie kwenye tuktuk akiwa amelala ubavu, na si kubanwa katikati ya watu wawili juu ya bodaboda. Tafuteni sasa dereva mmoja wa tuktuk anayelala upande wa juu wa barabara, na namba yake ikae katika simu zote mbili, kwa sababu mvua haitawapa nafasi ya kutafuta.

Limebaki la kuzungumza na mama. Wewe usimfundishe, muulize. Mtafute akiwa peke yake, mkichambua mboga, umwambie kwamba umefikiria lile neno lake kuhusu choo na umeona ana haki, na kwamba mwanawe anakwenda kuomba ufunguo. Nina hakika hajawahi kusikia mtu akimpa haki katika jambo hili. Mambo ya mwili wake ambayo hatakwambia wewe, atamwambia mhamasishaji wa afya, hasa akiwa mwanamke wa rika lake, kwa hiyo mwache naye chumbani utoke nje. Daftari la presha liwe la mama, likae kwake. Mjukuu ndiye aandike tarehe, namba mbili za kipimo, na alama kila asubuhi bibi anapomeza. Watoto wa umri huo huwa wakali sana katika kazi ya namna hiyo, na bibi humvumilia mjukuu kuliko anavyomvumilia mkaza mwana. Mboga ziko mikononi mwako, kwa hiyo hilo halihitaji mazungumzo: punguza chumvi kwenye omena, na kwenye apoth, yaani mrenda, punguza magadi, ambayo watu hudhani si chumvi ilhali yamejaa sodiamu ileile.

Zahanati nyingi huwa na siku maalumu ya wagonjwa wa presha na sukari, na ukienda siku nyingine unaweza kuambiwa urudi. Mtume mume wako akaulize ni siku gani kabla hamjamtoa mama nyumbani, na siku hiyo ikifika fikeni kabla ya saa mbili asubuhi, mkiwa na kitambulisho, karatasi ya kliniki, na ile leso kama ilivyo, na fundo lake.

Mshauri